Amplifaya Iliyochemka Kabla ya Kuimba: Kisa cha Kapasita Zilizokuwa Mbali na Aisii

"Fundi, hii inachemka kabla haijaimba."

Mama aliyesema maneno hayo anatoka Ujiji na anakodisha muziki wa harusi na maulidi. Alifika kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, na kijana wake, amplifaya ikiwa imeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga. Baada ya shikamoo na marahaba alianza na hiyo sentensi moja, kisha ndipo akaeleza yote mengine: twita tatu, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimekufa ndani ya miezi miwili, sauti ikipanda kuna mkwaruzo, na ameshalipia kapasita, vile vifaa vya kutunza chaji ya umeme, mara mbili. Kisa hiki nakiandika kizima pamoja na vipimo vyake. Kosa lililokuwemo nimelikuta kwenye mashine nyingi zinazopita mezani kwangu, na katikati ya matengenezo mimi mwenyewe niliongeza kosa jingine ambalo nadhani lina somo kubwa kuliko lile la kwanza.

Mashine ni ya chaneli mbili. Kila chaneli ina aisii moja, yaani saketi nzima ya kukuza sauti ndani ya kipande kimoja, TDA7294, ile ndefu ya miguu 15 ya STMicroelectronics ambayo mafundi wengi tunaifahamu. Inalishwa volti 35 chanya na 35 hasi. Chaneli ya kulia iliwahi kuungua, na ilipoungua ilibandua njia za shaba kwenye bodi, zikanyanyuka kama ngozi ya muhogo. Fundi aliyeipokea wakati huo alifanya ambalo wengi wetu tungefanya: aliiacha bodi mahali pake, akaifunga aisii mpya kwenye hitisinki, lile bati la kupoza joto, peke yake, akaunganisha miguu na bodi kwa nyaya. Chaneli ya kushoto ilipoungua naye akaifanyia hivyo hivyo. Mashine ikaimba, mama akapata mkate wake. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu bodi ya kubadilisha haikuwepo na harusi ilikuwa Jumamosi.

Matatizo yalianza hapo. Mama akaambiwa ni umeme, kwamba unapanda na kushuka, kwa hiyo kapasita kubwa za chujio zinachoka. Zikatolewa za mikrofaradi 4700, zikawekwa nyingine 4700 mpya, halafu baadaye za 10,000. Joto halikupungua hata kidogo.

Nilifungua kifuniko. Kapasita kubwa mbili zilikuwa safi, hazijavimba, hazijavuja. Nilizimaliza chaji kwanza kwa rezista ya omu 100 ya wati 5, nikaishikilia kwa sekunde kadhaa. Hapa naomba tusikilizane: kapasita ya mikrofaradi 10,000 kwenye volti 35 inashika jouli 6, na bisibisi inayorushwa juu ya miguu yake inatoa cheche inayotoboa chuma na wakati mwingine inaiharibu kapasita yenyewe. Baada ya hapo nilizipima. Zote nzima.

Kisha nikaangalia aisii. Kila moja ilikuwa imesimama kwenye hitisinki yake na shada la nyaya nyembamba likitoka miguuni kuelekea bodi ya zamani. Nilichukua rula. Waya wa chanya, sentimita 15. Waya wa hasi, 15. Waya wa ethi, yaani ule wa sifuri kati ya chanya na hasi, 15. Na kule kwenye bodi ya zamani, katikati ya madoa meusi ya moto, kapasita mbili ndogo za 104, namba inayomaanisha nanofaradi 100, kwa kila chaneli bado zilikuwa zimeng'ang'ania pale pale kiwanda kilipoziweka, pamoja na zile za mikrofaradi 1000 zilizosimama kando yao. Nilizitoa na kuzipima: nzima kabisa. Nikazirudisha.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Ukichukua mchoro wa mtengenezaji na kuufuata kwa kidole, kila kitu kimo: nanofaradi 100 kutoka chanya kwenda ethi, nanofaradi 100 kutoka hasi kwenda ethi, na za 1000 sambamba nazo. Hakuna kilichokosekana. Fundi mwenye mchoro mkononi angekagua mpaka jioni asione kosa, kwa sababu mchoro hauonyeshi urefu wa waya.

Niliwasha kwanza kupitia taa ya mfululizo, balbu ya wati 100 ya zamani ambayo umeme wa mashine unapita ndani yake kwanza, ninayoitunza kwa kazi hiyo. Mashine isiyo na ubovu, bila spika wala muziki, inapaswa kuimulika balbu kwa kitambo kifupi wakati kapasita zinajaa, kisha uzi wake unazimika au unabaki na wekundu wa mbali. Hii ilibaki imewaka njano. Kuna kitu kilikuwa kinakula umeme kimya kimya.

Sina osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na nadhani wengi wanaosoma hapa hawana. Lakini mita ya kawaida inaweza kusema mengi ukiiuliza vizuri. Niliweka rezista ya omu 0.22 ya wati 5 kwenye njia ya chanya ya kila chaneli, karibu na kapasita kubwa, nikaiondoa taa ya mfululizo, nikapima milivolti juu ya rezista hiyo. Aisii hii ikiwa imetulia bila muziki hula miliampea 30 hivi, kwa hiyo nilitarajia milivolti 6 au 7. Kushoto nilipata 66. Kulia 59. Gawanya 66 kwa 0.22: miliampea 300. Zidisha kwa volti 70 zilizopo kati ya chanya na hasi: wati 21 za moto kwenye aisii moja ambayo haijaimba hata neno. Mama alikuwa amepima sawasawa kwa kiganja chake.

Mkondo mwingi hivyo bila sauti yoyote kwenye spika una maelezo machache. Aisii imekufa nusu, au inatetema yenyewe kwa masafa ambayo sikio halifiki. Nilichukua redio ndogo ya betri, nikaiweka kwenye masafa ya kati mahali pasipo na stesheni, nikaisogeza juu ya hitisinki. Karibu na kilohezi 1000 ikapiga mluzi mzito. Nikazima amplifaya, mluzi ukafa. Nikawasha, ukarudi. Nikagusa nyaya za aisii kwa kijiti kikavu cha mwanzi na kuzisogeza kidogo, na mluzi ukabadilika sauti. Kitu kinachobadilika kwa kusogeza waya ni kitu kinachoishi kwenye waya.

Sasa twende kwenye sababu, maana bila sababu hii tutaendelea kubadilisha kapasita kubwa mpaka siku ya mwisho.

Ziwa Tanganyika liko hapo chini ya mji, kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Lakini mafuta ya mawese yakishika moto jikoni Mwanga, ziwa lote hilo halikusaidii. Kinachokusaidia ni kile kilicho karibu na mkono wako. Kapasita kubwa za chujio ni ziwa. Kazi yake ni kuziba pengo kati ya mapigo ya umeme wa hezi 50, ambayo baada ya daiodi huja kila milisekunde 10. Kwa mkondo wa ampea 2, kapasita ya 4700 inashuka volti 4.3 katika muda huo, na ya 10,000 inashuka volti 2. Kwa mvumo wa hezi 100 kuna faida ya kweli hapo. Lakini aisii inapotaka mkondo wake ubadilike ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde, swali linakuwa jingine: umeme utapita wapi mpaka ufike miguuni mwake?

Utapita kwenye waya, na waya ulionyooka una indaktansi, yaani unapinga mkondo unaobadilika haraka. Hesabu ya kutembea nayo mfukoni ni nanohenri 10 kwa kila sentimita. Sentimita 15 za kwenda na 15 za kurudi kwenye ethi ni nanohenri 300. Kwa mkondo wa moja kwa moja hiyo si kitu, waya ni waya. Kwa megahezi 1 ni ukinzani wa karibu omu 2. Yaani baada ya mama kulipia ziwa la 10,000, aisii yake ilikuwa bado inakunywa kupitia mrija wa omu 2. Kila inapovuta mkondo, volti za miguuni mwake zinacheza, mchezo huo unaingia tena ndani ya saketi kwa mlango wa nyuma, na aisii yenye uwezo wa kukuza inakuza na huo. Ikiukuza kwa wakati wenye kukubaliana na mwanzo wake, mtetemo unajilisha wenyewe na hauishi.

Na zile 104 nzima? Kapasita nayo ina indaktansi ya miguu yake. Ukiifunga kwa miguu mifupi, jumla sentimita moja, inabaki kapasita mpaka megahezi 5 hivi. Ukiifunga mwisho wa nanohenri 300, inaacha kuwa kapasita kwenye megahezi 0.9, na kuanzia hapo kwenda juu ni koili tu iliyovaa nguo za kapasita. Kipande kile kile, nambari ile ile 104 mgongoni, kazi tofauti kabisa kwa sababu ya mahali.

Twita nazo zinaeleweka hapo hapo. Spika za mama zina twita za piezo, na piezo kwa umeme ni kapasita: kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyokunywa zaidi. Mtetemo wa megahezi 1 hausikiki, lakini unazipika polepole usiku kucha wakati watu wanacheza.

Nilianza na chaneli ya kushoto peke yake, kulia nikaiacha kama ilivyo ili niwe na cha kulinganishia. Nikachukua 104 mbili mpya, nikazikata miguu mpaka ikabaki milimita 4 au 5, nikazilehemu mgongoni mwa aisii: moja kutoka mguu wa 13, ambao ni chanya ya nguvu, nyingine kutoka mguu wa 15, ambao ni hasi ya nguvu, zote zikikutana kwenye waya wa ethi. Miguu ya 7 na 8, ambayo ni chanya na hasi ya sehemu ndogo ya ndani, nayo nikaiunga na 13 na 15 pale pale miguuni. Wakati wa kulehemu kumbuka bati la mgongoni mwa aisii hii limeungwa na hasi, kwa hiyo karatasi yake ya maika, inayoitenga na hitisinki, isichanike.

Nikawasha. Milivolti 66 zikawa 19. Redio ikapiga mluzi hafifu, tena mahali pengine pa piga.

Ningeweza kuridhika. Joto lilikuwa limepungua mara tatu na mama alikuwa anasubiri. Lakini 19 si 7, na hiyo tofauti ina jina. Ukiweka 104 peke yake mwisho wa waya mrefu, waya na kapasita vinakuwa bembea. Nanohenri 300 na nanofaradi 100 zinabembea kwenye megahezi 0.9, na hakuna mtu wa kuishika. Anayeishika ni kapasita ya elektroliti iliyo karibu nayo, kwa sababu ina ukinzani wake mdogo wa ndani ambao sisi kwa kawaida tunauona kama ubovu. Hapa ubovu huo ni breki. Ndiyo maana mtengenezaji ameichora 1000 sambamba na 104, na ndiyo maana sikubaliani na mtindo wa kupachika kapasita ndogo za plastiki za bei kali juu ya kila kitu kwa kuamini zinaifanya sauti iwe tamu. Bila breki unaongeza bembea nyingine.

Nikafunga elektroliti mbili za mikrofaradi 1000, volti 63, sentimita 2 kutoka miguuni mwa aisii. Milivolti 7. Redio kimya. Nikafanya hivyo hivyo upande wa kulia, nako nikapata 7. Kutoka wati 21 mpaka wati 2 na kidogo. Nikaweka kiganja kwenye hitisinki baada ya nusu saa, ikawa vuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahaulika.

Kijana wangu wa kazi akaunga spika, tukapiga taarabu. Sauti ya mwimbaji ilikuwa safi. Kisha besi ikaingia, na kijana akainua kichwa. "Kaka, besi inakuja na nyuki."

Nilisikiliza. Kweli. Besi ikinyamaza, kimya kabisa. Besi ikipiga, juu yake kulikuwa na "zzz" ya ukali, inakuja na kuondoka nayo. Hilo halikuwepo mwanzoni. Nilikuwa nimelileta mimi.

Nilichofanya ni hiki: nilipotafuta pa kuunga miguu ya ethi ya zile 1000, waya wa kwanza niliouona ulikuwa ule wa ethi wa ishara, ule unaotoka kwenye soketi ya kuingizia muziki na kupita sentimita moja tu kutoka kwenye aisii. Karibu, fupi, nadhifu. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ule mguu wa chanya, uwe karibu na aisii. Mguu wa pili niliutupa popote penye ethi, kwa sababu kwenye mchoro ethi zote zina alama moja.

Amplifaya ya aina hii inavuta kutoka chanya wakati wimbi liko juu na kutoka hasi wakati wimbi liko chini. Kila njia inabeba nusu ya wimbi tu, iliyokatwa kama embe. Besi inapopiga, volti za chanya zinazama na kurudi, kisha za hasi, na juu yake kuna meno ya hezi 100 kutoka kwenye daiodi. Kila volti zinapozama, kapasita ya 1000 inatoa, na zinaporudi inapokea. Tuseme volti 2 ndani ya milisekunde 2: hiyo ni ampea 1 kamili inayopita kwenye mguu wake wa ethi. Mguu huo nilikuwa nimeuchomea kwenye waya wa nusu milimita wenye urefu wa sentimita 5 mpaka soketi. Ukinzani wa kipande hicho ni miliomu 4.5. Ampea 1 mara miliomu 4.5 ni milivolti 4.5, na kwa sababu zimo kwenye ethi ya ishara, aisii inaziona kama muziki. Inazikuza mara 32. Zinatoka kwenye spika zikiwa volti 0.14, umbo lake ni nusu mawimbi yaliyochanganyika na hezi 100, na spika za harusi zimetengenezwa zipaze kila kitu. Huyo ndiye nyuki.

Niliona vibaya sana kwamba nilikuwa nimekaribia kumkabidhi mama kazi hiyo. Joto lilikuwa limeisha na mita ilikuwa inasema 7 safi. Mita haikujua habari za nyuki.

Kulitengeneza kulichukua jioni nzima, na sehemu kubwa ilikuwa kuamua ethi ipi iende wapi. Ethi za zile elektroliti mbili za kila chaneli niliziunga pamoja kwanza, kwenye kipande kinene cha shaba kilichotoka kwenye waya wa nyumba. Kwa nini pamoja kwanza: chanya inapopokea mkondo na hasi ikatoa, sehemu kubwa ya mikondo hiyo inamalizana hapo hapo na haiendi mbali. Kutoka kwenye kipande hicho, waya mmoja mnene mpaka kituo kikuu cha ethi. Waya wa kurudi wa spika ukaenda kituo hicho hicho. Ethi ya soketi ya muziki nayo ikaenda pale, lakini kwa waya wake yenyewe, bila kupakia abiria mwingine njiani.

Kituo chenyewe nacho kina mahali pake. Kati ya zile kapasita mbili kubwa za 10,000 kuna daraja la shaba linalounga chanya ya moja na hasi ya nyingine, na waya wa katikati wa transfoma unafika pale. Daraja hilo usilitumie kama kituo, ingawa kila mchoro unakualika. Mapigo ya kuchaji kutoka transfoma yanapita juu yake kila milisekunde 10, na ni makubwa. Nilitoa mkia mfupi mnene wa sentimita 3 kutoka katikati ya daraja, na mwisho wa mkia huo ndio ukawa kituo. Mapigo yanapita darajani, mkia umetulia.

Kwa zile 104 nilibadilisha mpangilio. Mbili zilizokwenda ethi nilizihamishia kwenye kile kipande cha shaba cha kila chaneli, na nikaongeza ya tatu moja kwa moja kutoka mguu wa 13 hadi wa 15, chanya hadi hasi, haigusi ethi popote. Naipenda sana hiyo ya tatu. Inakata mchepuko mfupi kabisa kwa mkondo wa kasi, na kwa kuwa haina mguu kwenye ethi haiwezi kuichafua. Angalia volti tu: kati ya miguu hiyo kuna volti 70, kwa hiyo ya volti 50 itakufa. Niliweka ya polyesta ya volti 100.

Mwisho nilizisuka nyaya tatu za chanya, hasi na ethi pamoja, kama nywele, kutoka kwenye kapasita kubwa mpaka kwenye aisii. Nyaya zinazobeba mkondo wa kwenda na wa kurudi zikilala pamoja, indaktansi yake inashuka, na pia zinaacha kurusha besi yao kwenye waya wa ishara ulio jirani. Kazi ya dakika tano isiyo na gharama.

Tukapiga taarabu ile ile. Kijana akaegemea spika kwa sikio, akatikisa kichwa. Hakuna.

Niseme kidogo juu ya kuzichagua zenyewe, maana swali hili naulizwa sana. Kwa 104 ya kwenye njia ya umeme, seramiki ya aina ya X7R au polyesta inatosha kabisa. Epuka seramiki za Y5V: kulingana na joto pekee zinaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ya thamani yake, na ukiziwekea volti zinapoteza nyingine. Unadhani una 104, kumbe una robo yake. Kwa elektroliti, volti 35 zisikufanye uchukue ya volti 35. Umeme wa ukutani ukipanda kidogo na mashine imetulia, utakuta 38 au 39. Chukua ya 50, au 63 kama ipo. Na usiibandike kwenye hitisinki kwa sababu nimesema karibu. Kanuni ya elektroliti ni kwamba kila nyuzi 10 za joto unazoiongezea zinapunguza maisha yake nusu. Sentimita 2 pembeni, penye upepo, ni karibu ya kutosha. Iliyo lazima iwe milimita chache tu kutoka mguuni ni ile 104, nayo haiogopi joto hilo.

Kapasita za kuokota kwenye bodi chakavu natumia pia, sitadanganya, lakini sitoi elektroliti yoyote bila kuipima. Kwa 104 hakuna wasiwasi mkubwa, ila uioshe miguu na uhakikishe haina ufa. Ufa wa seramiki ni mwembamba kama unywele na unaweza kuleta shoti siku yoyote.

Bodi ndogo ya toni iliyo mbele ya mashine ya mama ina aisii ya 4558, na yenyewe haikuwa na kapasita yoyote karibu. Nikaweka 104 moja kati ya mguu wa 8 na wa 4, chini ya bodi. Haikuwa inalalamika, lakini ilinichukua dakika moja.

Mama alirudi kesho yake asubuhi. Aliweka kiganja kwenye hitisinki kabla ya kuniuliza lolote, akakiacha hapo kwa muda mrefu. "Mwanangu, hii imezimwa?" Nikamwonyesha taa nyekundu inawaka. Akaomba tuipige kwa sauti ya harusi, sio sauti ya kibandani, tukaitoa nje na majirani wakasikia. Aliuliza kama azitoe zile kapasita kubwa za 10,000 na kudai hela yake. Nilimwambia aziache, ni nzima na mvumo umepungua kwa ajili yake, ila zilinunuliwa kutibu ugonjwa mwingine. Twita mpya tatu nikazifungia rezista ya omu 22 kila moja, kwa sababu piezo inayoungwa moja kwa moja na spika ni mzigo unaoisumbua aisii yoyote.

Kabla ya kufunga kifuniko nilichora kwa kalamu kwenye karatasi ngumu kituo cha ethi kilipo, waya upi unaenda wapi, na ethi ya muziki imetengwa kwa sababu gani. Nikaibandika kwa ndani na kuandika chini yake: "Omu 0.22 kwenye chanya, bila muziki: kushoto mV 7, kulia mV 7. Ikizidi 15, kwanza angalia 104 mgongoni mwa aisii." Rezista zile mbili za kupimia niliziacha humo humo, nyaya zake zikiwa wazi upande wa juu, ili fundi atakayeifungua baada yangu aweze kugusa mita bila kuchomoa kitu.